Karata za Taroti na Haki ya Mchoraji



Imekuwa ada, kila atokeapo mchoraji akazichukua karata za taroti na kuzisawiri upya kwa rangi na mkono wake, kuzuka watu, na miongoni mwao wasomi niwaheshimuo, wakamshutumu kuwa ameichafua amana ya kale. Kwani wao huitakidi kwamba karata hizo 78 zina sura moja ya asili, ambayo makuhani wa Misri waliificha hekima yao ndani yake. Dai hili halistahili kuachwa lipite.

Aliyelieneza ni Antoine Court de Gébelin, mjini Paris, mwaka 1781, na hati ya kulithibitisha hakuwa nayo hata moja. Wakati huo hapakuwa na mtu Ulaya aliyeweza kuyasoma maandishi ya zama za Mafirauni, kwani Champollion hakuyafumbua ila mwaka 1822. Basi huyo aliyedai kukiona ndani ya karata kitabu cha makuhani alikisoma kwa elimu gani? Misri ina fungu lake katika habari hii, lakini ni Misri ya Masultani wa Mamaluki, ambao karata zao zilikuwa na vikombe, dinari, panga na fimbo za polo. Hizo zikavuka bahari katika karne ya 14, na Waitalia, kwa ajili ya mchezo na si kwa ajili ya ramli, wakaziongezea turufu 21 pamoja na yule Juha. Hata miongoni mwa habari za mwanzo kabisa za karata hizi, za mwaka 1442, imo hesabu ya nyumba ya watawala wa Ferrara, nayo ni ya malipo ya mchoraji.

Lakini shahidi nimpendaye kuliko wote ni seti ya Visconti-Sforza, iliyochorwa Milano katikati ya karne ya 15, na ambayo aghalabu hunasibishwa na Bonifacio Bembo. Zimesalia karata 74, zilizogawanyika baina ya New York, Bergamo na mikono ya watu binafsi. Karata za Shetani na Mnara hazimo. Turufu zake hazina nambari wala majina, na nyuma ya wafalme na malaika imetandazwa dhahabu iliyogongwa nakshi ndogo ndogo, hata karata ikiinamishwa kidogo nuru huhama. Nilipojaaliwa kuziona zile za Bergamo, nilitazama sana tundu la msumari lililo juu yake, maana mtu fulani alizitundika kama zitundikwavyo picha. Na ingawa tundu halisemi ni nani wala kwa nini, mimi sikubali kwamba alikuwa mpiga ramli. Tena turufu 6, miongoni mwazo Nyota, Mwezi na Jua, ni kazi ya mkono mwingine wa baadaye, wenye mtindo wake mbali. Basi seti kongwe iliyo karibu kutimia imekwisha kusawiriwa upya ndani yake yenyewe. Asili isiyoguswa itafutwe wapi?

Na hiyo seti ambayo washutumu wetu huishika mkononi wakiiita ya jadi, ilichorwa London mwaka 1909 na Pamela Colman Smith, bibi aliyekulia kwa sehemu Jamaika na kuzichapa hadithi za Anansi za huko mwaka 1899. Yeye ndiye aliyezipa karata ndogo, zile zisizo turufu, watu na visa, ilhali katika seti nyingi za kabla yake zilihesabiwa panga na vikombe tu. Na ule moyo uliochomwa panga 3 katika seti yake unashabihiana mno na karata ya seti ya Sola Busca ya karne ya 15, ambayo picha zake ziliwekwa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza mwaka 1907. Walakini seti ikaitwa kwa majina ya mchapishaji Rider na ya Waite aliyeiagiza, bibi yule akabakia na alama ya herufi zake pembeni mwa karata. Katika darasa langu inaitwa seti ya Smith, na ningependa katalogi ya maktaba yetu nayo iandike hivyo.