Figo Hutolewa kwa Hiari
(Maneno ya Kamati ya Afya siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi)



Tumepewa dakika chache, hatutazunguka. Wengi mnajua kuwa figo za mwenzetu mmoja zilishindwa kazi, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Zamani Mtanzania aliyehitaji kupandikizwa figo alipelekwa nje, hasa India. Mwaka 2017 Muhimbili walianza kupandikiza, na mwaka 2018 ikafuata Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Lakini figo haiuzwi dukani. Inatoka kwa ndugu aliye hai.

Ukoo ulipoitwa kwa ushauri nasaha, nasi marafiki tulikwenda. Tukaelezwa kwamba mtu mwenye afya, akipimwa sawasawa, huishi vizuri na figo moja, ila aendelee kupimwa presha na mkojo. Mgonjwa naye atameza dawa kila siku, bila kuruka, mwili usije ukaikataa figo ya mwenzake.

Kisha kila aliyejitolea aliitwa peke yake, mlango ukafungwa. Humo ndani mtu anaweza kusema "sitaki", hata siku ya mwisho, na ukoo ukaambiwa tu kwamba hatatoa. Sababu inabaki siri yake. Jamani, majumbani kwetu tunakujua! Mdogo wa mwisho, tena asiye na kazi, ndiye hukodolewa macho na wote. Ndiyo ya sebuleni, mbele ya wajomba na mashangazi, si ridhaa. Kwa mwenzetu alitoa kaka yake, kwa moyo wake mwenyewe.

Basi tunaomba mambo matatu. Kwanza, mkiitwa nendeni, na mke au mume wa mtoaji asiachwe nyuma, maana ndiye atakayemuuguza. Pili, asiyetoa figo anacho cha kutoa: nauli, uji, kuchota maji, kwani mtoaji habebi ndoo kwa wiki kama sita. Tatu, aliyekataa asisengenywe kisimani wala hapa kikundini.

Akina mama, hisa zetu hakuna aliyewahi kulazimishwa kuzinunua, ndiyo maana tumefika miaka kumi. Na figo iwe hivyo hivyo.

Akina mama, oyee!