Namba Moja Hadi Porini



Mrina asali wa Inyonga akienda kwenye mizinga hulala porini siku kadhaa. Kambini hutundika redio kwenye tawi. Betri zikichoka huzianika juani, zimfikishe walau kwenye taarifa ya habari. Sauti ikififia huigeuza redio polepole mpaka isikike. Ana sababu: ndani ya redio ya masafa ya kati mna kijiti kinachonasa mawimbi, nacho hunasa vizuri zaidi kikiupa mnara ubavu.

Masafa ya kati na masafa mafupi ndiyo yaliyoifikisha Redio Tanzania Dar es Salaam vijijini. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Walisikiliza, wakajadiliana, kisha wakashika majembe kuchimba vyoo.

Leo tumehamia FM. Sauti yake ni safi, lakini haifiki mbali. Ukisafiri kutoka Mpanda kupita Inyonga na Koga kuelekea Tabora, mnara mmoja unakuacha, nawe unaanza kutafuta namba nyingine. Mawimbi ya masafa ya kati hutambaa na ardhi mchana. Usiku anga la juu huyarudisha chini, yakafika mamia ya kilomita.

Ipo njia ya kuyatumia vizuri zaidi: mitambo kadhaa kurusha kipindi kimoja kwenye namba moja. BBC ilifanya hivyo vitani mwaka 1939, ili marubani wa Ujerumani wasiutumie mnara wa redio kujua walipo. Baadaye Radio 5 Live ilitangaza hivyo hivyo kwenye kilohezi 693 na 909, kwa minara iliyotawanyika Uingereza.

Kazi hiyo inataka umakini. Kwenye kilohezi 1,000, katikati ya minara miwili yenye nguvu sawa, kila baada ya mita 150 kuna mahali mawimbi yanapouana. Mitambo ikipishana hata kidogo, sauti hupanda na kushuka bila kutulia. Dawa yake ni saa ya setilaiti inayoiongoza mitambo yote, na kupanga muda ili sauti ya huku isiitangulie ya kule. Vifaa hivyo leo vinapatikana.

Najua gharama zipo. Mtambo wa masafa ya kati hula umeme mwingi, na mnara wake ni mrefu. Ujerumani na Ufaransa zilizima mitambo ya umma ya masafa hayo mwishoni mwa 2015. Lakini wao wana njia nyingine za kumfikia msikilizaji kila kona. Mrina asali aliye mbali na mnara wa simu, redio yake ndogo ndiyo pekee ya kumwambia kuhusu mvua, bei au ugonjwa ulioingia.

Kwa hiyo nawaomba shirika la utangazaji la taifa, TBC, Mamlaka ya Mawasiliano na Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote: kabla ya kuyaaga masafa ya kati, pimeni gharama ya mitambo midogo inayokwenda sawia Mpanda, Inyonga na Tabora. Redio ya taifa imfuate mwananchi hadi kambini kwake, kwa namba moja asiyohitaji kuitafuta.