NDEGE WA PWANI KATIKA MITO YA USAMBARA
(Mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi)



Kabeji, karoti na viazi mviringo vinavyouzwa katika soko la Darajani, Unguja, aghalabu huvuka bahari kutoka Bara, na sehemu ya shehena hiyo hutoka katika mabonde ya Lushoto, kwenye milima ya Usambara, Mkoa wa Tanga. Jambo hilo linajulikana na kila anayekwenda sokoni. Lisilojulikana sana ni kwamba kando ya vijito vinavyomwagilia mboga hizo, kuanzia mwezi wa Agosti hadi Aprili, huonekana ndege yule yule mdogo anayetembea katika pwani za Unguja na Pemba wakati maji yanapokupwa. Ndege huyo ni kitwitwi, wa aina ile yenye mgongo wa rangi ya udongo na tumbo jeupe, ambaye hata akisimama hatulii, bali hutikisa mkia juu na chini bila ya kukoma. Vitwitwi ni wa aina nyingi, na watu wa pwani huwaita wote kwa jina moja. Huyu ni miongoni mwa wachache wao wanaopanda milimani.

Kitwitwi huyo si mwenyeji wa Lushoto wala si mwenyeji wa Unguja. Huzaliwa kando ya mito na maziwa ya Ulaya na Asia, na baridi inapokaribia huko huja Afrika. Uzito wake ni gramu 50 hivi, yaani sawa na yai moja la kuku. Anapofika hatafuti bahari kwa kuwa ni bahari. Atafutacho ni ukingo wa maji wenye wadudu, nao unapatikana Chwaka kama unavyopatikana kwenye mfereji wa mkulima, zaidi ya mita elfu moja juu ya usawa wa bahari.

Wenziwe wengi hawana tabia hiyo, nao hubakia pwani tu. Yupo yule mwenye mdomo mrefu uliopinda kidogo, atokaye Siberia ya kaskazini, ambaye huwasili kwetu akiwa wa kijivu, na inapofika Aprili huanza kugeuka rangi ya matofali kabla ya kuondoka. Yupo sululu, ambaye sauti yake husikika mbali juu ya mikoko. Na yupo mla kaa, mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, ambaye habari zake zinafaa kuelezwa kwa kirefu kwa sababu zinagusa nchi yenye nasaba na visiwa hivi.

Mla kaa hazaliani Afrika Mashariki. Makazi yake ya kuzalia yamo katika fukwe na visiwa vya Bahari ya Shamu, Oman na Ghuba, katika miezi ambayo jua la huko ni kali kupita kiasi. Huchimba shimo mchangani na kutaga ndani yake yai moja tu, nalo ni jeupe. Katika ndege wa pwani wote duniani, ni yeye peke yake mwenye mtindo huo, na joto la mchanga humsaidia kuliangua. Kinda wake hulishwa shimoni, na hata baada ya safari ya kuja Afrika huonekana bado akimfuata mzazi wake na kumwomba chakula. Pwani ya Barr al Hikman, mkabala na kisiwa cha Masira huko Oman, inakadiriwa kupokea ndege wa pwani wapatao nusu milioni katika majira ya baridi, na mla kaa ni mmoja wao. Wengine wa kabila lake huendelea kusini hadi Kenya, Tanga, Unguja na Mafia. Wazee watakumbuka majahazi yaliyokuja na kaskazi na kurejea na kusi. Ndege huyu hakuifuata kalenda ile kwa ukamilifu, kwani yeye hutangulia kufika kusi ingali ikivuma, lakini kurejea hurejea takriban wakati ule ule wa manahodha. Wale wanaoonekana mwezi wa Juni aghalabu ni vijana ambao bado hawajafikia umri wa kuzaa, nao hubakia hapa hadi wakubwa wao warudi.

Elimu ya safari hizo ina deni kubwa kwa Usambara. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo na viumbe huko Amani, katika Usambara ya Mashariki, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza kituo kikaingia mikononi mwa Waingereza. Mwaka 1928 alifika hapo Reginald Moreau, ambaye kabla yake alikuwa karani wa hesabu za jeshi Misri. Hakuajiriwa kwa ajili ya ndege hata kidogo, bali kwa kazi za ofisi. Hata hivyo alikaa Amani hadi mwaka 1946, na kwa msaada wa wenyeji waliofundishwa kuangalia viota na kuandika waliyoyaona, alikusanya maarifa ambayo wataalamu wenye vyeo vikubwa kuliko chake hawakuwa nayo. Kitabu chake kikubwa juu ya ndege wasafirio baina ya Ulaya, Asia na Afrika kilitolewa mwaka 1972, miaka miwili baada ya kufariki kwake. Humo alikadiria kwamba ndege wa nchi kavu wanaoingia Afrika kila mwaka, bila ya kuwahesabu hawa wa pwani, ni milioni elfu tano. Wataalamu waliolirudia hesabu swali hilo mwaka 2009 waliishusha idadi hadi milioni elfu mbili na mia moja, lakini njia aliyoifungua Moreau ndiyo waliyoipita.

Ama kuhusu watu, kiungo baina ya mlima na pwani si ndege tu bali ni udongo. Mto wa Umba huanzia msitu wa Shagayu, Usambara ya Magharibi, na kuingia baharini karibu na Vanga, mpakani mwa Kenya. Mto wa Soni hushuka hadi Mombo, na maji yake hupitia bonde la Mkomazi kuingia mto Pangani. Mto wa Zigi hutoka misitu ya Amani, hujaza bwawa la Mabayani linalowapatia maji watu wa mji wa Tanga, kisha humalizikia baharini. Mvua kubwa inaponyesha juu ya shamba lisilo na kinga, udongo wa mkulima hufuata njia hizo. Kiasi chake ndicho hulisha mikoko na tope ambamo kaa, kombe na minyoo huishi, na tope hilo ndilo meza ya sululu na ya mama anayechokoa kombe. Ukizidi, hufukia majani ya baharini na matumbawe. Ukipungua napo pana hasara: mto Pangani umezuiwa kwa mabwawa, likiwemo la Hale lililoanza kuzalisha umeme mwaka 1964, na maji ya mto yanapokuwa machache, ya chumvi hupanda juu, na wakulima wa karibu na mji wa Pangani wanaijua hasara hiyo katika mashamba yao.

Suala la udongo wa Usambara liliwahi kushughulikiwa kwa amri. Mwaka 1946 Serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa hifadhi ya ardhi katika bonde la Mlalo, na baadaye ukaenezwa sehemu nyengine za Wasambaa. Wakulima walilazimishwa kulima matuta ya kukinga maji, na asiyelima alitozwa faini au kufungwa. Kazi ilikuwa nzito, mazao hayakuongezeka kama walivyoambiwa, na wanawake ndio waliobeba sehemu kubwa ya mzigo. Upinzani ukawa mkali, ukaungana na madai ya kisiasa ya wakati ule, na kabla ya Uhuru wa 1961 mpango ulikuwa umekwisha kuachwa. Si kwamba matuta ni kitu kibaya. Mradi wa SECAP, ulioanza Lushoto mwaka 1981 kwa ushirikiano wa Ujerumani, ulirudia shabaha ile ile kwa njia ya kupanda majani ya malisho na miti katika mistari ya kukinga mteremko, na mkulima aliikubali mistari hiyo kwa kuwa ng'ombe wake alipata malisho humo. Huko Zigi nako wakulima wana umoja wao, UWAMAKIZI, na mamlaka ya maji ya Tanga imeona faida ya kushirikiana nao kuliko kusafisha maji machafu yaliyokwisha kufika bwawani.

Kwa upande wa visiwani, tope la Usambara halifiki hapa, lakini ndege ni wale wale na hoja ni ile ile. Akina mama wa Bweleo na Fumba wamewahi kutenga sehemu za pwani zisizookotwa chaza ili wapate kuzaliana. Ghuba ya Chwaka, yenye mikoko mingi kuliko mahali pengine popote Unguja, imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka tangu mwaka 2004. Mkoko unaokatwa kwa ajili ya kuni humwondolea ndege mahali pa kupumzikia wakati wa bamvua, maji yanapofunika fungu lote, na humwondolea mvuvi mazalio ya kamba. Tanzania pia ni mwanachama, tangu mwaka 1999, wa makubaliano ya kuwahifadhi ndege wa majini wasafirio baina ya Afrika, Ulaya na Asia, na tangu mwaka 2000 ni mwanachama wa Mkataba wa Ramsar unaohusu ardhi oevu. Kwa hapa Zanzibar, Sheria Namba 10 ya mwaka 1996 ya usimamizi na uhifadhi wa misitu inahusu pia wanyama wa porini.

Wananchi wanaombwa mambo mawili. Kwanza, wazee na walimu wa skuli wawakataze watoto kutega mitego katika mafungu na mashamba ya chumvi, hasa kuanzia Machi hadi Mei, wakati ndege wanapojaza mafuta mwilini kwa ajili ya safari. Ndege asumbuliwaye hali, na asiyekula hafiki. Pili, atakayemwokota ndege aliyekufa mwenye pete mguuni asiitupe pete hiyo. Ina namba na jina la kituo kilichoitia, pengine cha Ulaya au cha Ghuba. Aandike namba yote kama ilivyo, mahali na tarehe, na aifikishe kwa Sheha wake au ofisi ya misitu ya Wilaya. Aliye Lushoto au Tanga na aipeleke kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji. Ndege hai mwenye pete aachiwe aende zake baada ya namba kusomwa.