Waliosimama Wakaketi



Juzi Jumamosi nilialikwa kwenye sikukuu ya wanafunzi wa zamani wa shule moja ya hapa mjini Bukavu. Jina lake nalihifadhi, maana wenyeji walinikarimu na samaki wao wa sambaza niliwala. Programu ilisema mwaka huu wataheshimiwa waliochezea timu ya mpira ya shule. Hema lilikuwepo, viti vya plastiki vilikuwepo, mikrofoni inayopiga mluzi pia. Tukaanza na salamu. Bwana protokoli akawataja wakubwa mmoja mmoja, kila mtu na cheo chake. Hata wakubwa ambao hawakufika walitajwa, wao na wajumbe wao. Saa nzima ikaenda. Ilipofika zamu ya wachezaji akasema: "Wachezaji wetu wa zamani wako wapi? Wasimame tuwaone. Makofi kwao!" Wakasimama wazee tisa hivi. Tukapiga makofi. Wakaketi. Mimi nilikuwa bado nahangaika na kizibo cha Fanta yangu.

Mzee aliyeketi kando yangu alikuwa kipa. Nilianza kushuku nilipoona mkono wake. Kidole chake kidogo cha kulia kimepinda kwenda nje na hakirudi, hata akishika glasi, kile kinabaki kinaelekea mlimani. "Penalti hiyo," akaniambia. "Mvua ilikuwa imenyesha, mpira ulikuwa mzito kama jiwe. Niliupangua, kidole kikavunjika, tukaendelea kucheza." Nikamuuliza: Papa, mbona hawakusema hayo pale mbele? Akacheka. "Wangeyajua wapi?"

Nikarudi nyumbani kwa miguu, nikapita Place Mulamba. Mulamba huyo kila dereva wa teksi anamjua kama kituo, na wazee wanamjua kama mwanajeshi: Léonard Mulamba, aliyeulinda mji huu dhidi ya waasi wa Simba mwaka 1964. Lakini kichwani mwangu alikuwa Mulamba mwingine, Ndaye Mulamba, mshambuliaji.

Vijana, mnielewe. Mwaka 1973 Ndaye alikuwa katika AS Vita Club iliyochukua kombe la klabu bingwa Afrika. Katika fainali, kule Kumasi, Vita walikuwa wamefungwa na Asante Kotoko 4 kwa 2. Kinshasa wakalipa 3 kwa 0. Machi 1974, kule Misri, akafunga mabao 9 katika Kombe moja la Mataifa ya Afrika. Fainali dhidi ya Zambia ikaisha 2 kwa 2, mabao yote mawili ya Zaire, ndiyo Kongo yetu, yake yeye. Siku mbili baadaye ikarudiwa, Zaire ikashinda 2 kwa 0, na tena yote mawili yake yeye. Rekodi hiyo ya mabao 9 hakuna aliyeifikia mpaka leo, si Eto'o, si Drogba.

Sasa sikilizeni heshima aliyopata. Mwaka 1994 aliitwa Tunisia, kwenye mashindano yaleyale, akatunukiwa. Aliporudi nyumbani, majambazi wakampiga risasi mguuni, wakidhani mtu aliyesifiwa hivyo lazima ana pesa. Kisha vikaja vita vya 1996, vile tunavyovijua sisi hapa kuliko wengine wote, naye akakimbilia Afrika Kusini kama mkimbizi. Mwaka 1998 mashindano yalikuwa Burkina Faso. Habari ikazagaa kwamba Ndaye amefia Angola, kwenye machimbo ya almasi. Watu wakasimama, uwanja ukanyamaza dakika nzima kumwombolezea. Na yeye yuko Afrika Kusini, anapumua, anatafuta riziki. Alikuja kufariki Januari 2019.

Dakika ile inanisumbua. Wote walimkumbuka, na hakuna aliyekuwa amemtafuta.

Nitawapeleka mbali kidogo, kwenye mchezo ambao hapa Bukavu hatuuchezi, baseball ya Wamarekani, ule wa kupiga mpira kwa gongo. Vyuo vya kwao vina desturi ya kuwaita wachezaji wa zamani warudi uwanjani siku ya wahitimu. Lou Gehrig alikuwa mtoto wa vyuo hivyo: alichezea Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kabla ya kwenda timu ya Yankees. Akapata ugonjwa unaomaliza misuli, usio na dawa. Tarehe 4 Julai 1939 watu zaidi ya 60,000 walijaa uwanjani kumheshimu, na wenzake wa kikosi cha Yankees cha 1927 wakaja kusimama naye. Jezi yake namba 4 ikawekwa kando, asiivae mwingine. Aliishi karibu miaka miwili tu baada ya hapo, lakini yote hayo aliyasikia kwa masikio yake mwenyewe. Mtaniambia Wamarekani wana pesa. Sawa, wanazo. Kumwita mtu kwa jina lake na kueleza alichofanya kunagharimu dola ngapi?

Shule zetu si za jana. Kolegi Alfajiri ilianza mwaka 1938, Wajesuiti wakiiita Notre-Dame de la Victoire. Hesabuni ni vikosi vingapi vimepita katika viwanja vya shule za mji huu tangu wakati huo. Na mji wenyewe umepitia vita vya 1964, mamluki wa Schramme mwaka 1967, tena 1996, na baada yake mnajua wenyewe. Karatasi hazivumilii mambo hayo. Kilichobaki kiko vichwani mwa wazee, na wazee hao mnawapa sekunde kumi za makofi.

Kamati za sikukuu hizi zitasema: tukianza kutaja majina tutawasahau wengine, watakasirika. Waacheni wakasirike! Aliyesahauliwa atakuja kulalamika, nanyi mtaandika jina lake, na mwaka kesho atakuwemo. Na mama zetu waliocheza mpira wa kikapu na wa wavu shuleni wamo pia, msije mkawaweka jikoni wagawe bugali siku ya sikukuu yao wenyewe, kama nilivyoona Jumamosi. Mmoja alikuwa amebeba sinia, akanionyesha kwa kidevu mahali palipokuwa na goli la kikapu.

Nilimwomba yule kipa anitajie kikosi chake. Akaanza na yeye mwenyewe, namba moja, akaendelea na mabeki, kila mmoja na jina lake la utani, huyu alikuwa mrefu, huyu aliogopa mama yake kuliko refa. Kumi walitoka bila shida. Wa kumi na moja, winga wa kushoto, hakuja. Alifumba macho, akapiga meza kwa kile kidole. Hakuja.

Jana alfajiri, kabla muadhini hajamaliza, simu yangu ililia. Nikapokea nikiwa na usingizi. Alikuwa yule kipa, hata hakunisalimia. Akataja jina la winga, akalirudia mara mbili nisikie vizuri, kisha akakata, inite zisimwishie.