Maji Hayageuki Petroli: Haidrojeni na Gari la Haibridi



Nimeombwa nizungumzie kifaa cha haidrojeni kinachofungwa kwenye magari ya haibridi, yenye injini ya petroli na mota ya umeme, kwa ahadi ya kupunguza ulaji wa mafuta. Niseme wazi mapema: hakipunguzi.

Kifaa chenyewe ni chupa ya maji yaliyotiwa dawa ya kupitisha umeme, na vibati vya chuma ndani yake. Umeme wa gari hutenganisha maji kuwa haidrojeni na oksijeni, kisha mpira hupeleka gesi hiyo kwenye njia ya hewa ya injini.

Tupige hesabu. Gari linalokula lita 5 kwa kilometa 100, likienda kilometa 60 kwa saa, huchoma lita 3 kwa saa, yaani takriban kilowati 27 za nishati. Kifaa kinachotoa lita moja ya gesi kwa dakika hudai umeme wa wati 200 hivi. Haidrojeni yake hurudisha joto la wati 110 tu, chini ya nusu ya asilimia moja ya petroli ile. Na ili kupata wati 200 hizo, injini imechoma petroli ya zaidi ya wati 500. Ni kama kupandisha ndoo ya maji kutoka bonde la Ruvuma na kuyanywa yote kabla ya kufika nyumbani.

Wapo wasemao umeme wa breki za haibridi ni wa bure. Gari likiteremka kutoka Newala, mota hugeuka jenereta na kujaza betri kubwa. Lakini umeme huo una kazi tayari: kulisukuma gari kwenye mpando unaofuata. Ukiupa chupa, umeunyang'anya magurudumu. Tena injini ya haibridi hujizima mara kwa mara. Kifaa kikiendelea kutoa gesi wakati huo, gesi hujikusanya, na haidrojeni hushika moto upesi.

Gesi yenye faida ya kweli tunayo mkoani kwetu: gesi asilia. Iligunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982, husafishwa Madimba, na tangu 2015 husafiri kwa bomba hadi Dar es Salaam, ambako bajaji na teksi huitumia. Hiyo imekuja na nishati yake kutoka ardhini. Haikuikopa kwenye tangi lako. Tudai vituo vya kuijaza vifike Masasi, Newala na hapa Tandahimba.

Mali bila daftari huisha bila habari. Fundi akikuletea kifaa, jaza tangi, andika kilometa, endesha njia ileile kwa mwendo uleule, kwanza bila kifaa kisha nacho, ujaze tena na kulinganisha. Asiyekubali kupimwa, msimpe fedha yenu ya korosho.