Mezani pa Mfalme Palikuwa na Mika
Maneno ya mama msharika katika kilele cha Jubilei ya Miaka 100 ya Usharika



Kamati ya Jubilei imenipa nafasi niseme juu ya malezi ya watoto katika hali ya ulemavu. Natembea kwa magongo tangu utotoni kwa sababu ya polio, na Mungu amenijalia watoto watatu.

Katika 2 Samweli sura ya 9 twasoma habari za Mefiboshethi, mjukuu wa mfalme Sauli, aliyelemaa miguu yote miwili. Wahubiri hutukumbusha mara nyingi jinsi Daudi alivyomketisha mezani pake. Mstari wa 12 hutajwa kwa nadra: Mefiboshethi alikuwa na mtoto mdogo, jina lake Mika. Basi alikuwa mzazi. Tena, kabla ya kuitwa Yerusalemu, alihifadhiwa Lo-debari katika nyumba ya Makiri mwana wa Amieli, ambaye hatajwi kuwa ndugu yake. Makiri huyo huyo, katika sura ya 17, yumo miongoni mwa waliomletea Daudi vitanda na chakula alipokuwa akimkimbia Absalomu.

Nami nimewaona akina Makiri. Mzaliwa wangu wa kwanza alipokuwa mchanga, nilimpeleka kliniki kwa daladala, nimembeba mgongoni kwa kanga. Makondakta wengi walipoyaona magongo waligonga bati, gari likaondoka. Siku moja mama mmoja aliyevaa baibui, aliyeketi karibu na mlango, alimzuia kondakta, akaninyoshea mikono akisema, "Mwanangu, nipe mjukuu wangu nimpakate, nawe upande taratibu." Niliingiwa na hofu, kwa maana baadhi ya ndugu walikuwa wamekwisha kunishauri nimtoe mtoto alelewe na wenye miguu. Lakini nilipoketi tu, yule mama alimrudisha mikononi mwangu kabla sijamwomba.

Baadaye alikuja seremala kurekebisha mlango wetu. Aliona ninavyotaabika kumwinua mtoto kitandani, akachukua msumeno na kuipunguza miguu ya kitanda. Hakumwuliza jirani kama naweza kulea. Aliniuliza mimi, "Mama, kimo hiki kinakutosha?"

Wapendwa, wema wa watu hao wawili nisiowajua ulikuwa na alama moja: ulinisaidia bila kuninyang'anya umama wangu.

Jambo hili si la hisani peke yake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 2009, waagiza katika Ibara ya 23 kwamba wazazi wenye ulemavu wasaidiwe katika malezi, na kwamba mtoto asitenganishwe na wazazi wake kwa sababu ya ulemavu wao. Kanisa letu nalo limefanya kazi njema katika elimu; Shule ya Wasioona Irente, huko Lushoto, na Shule ya Viziwi Mwanga ni matunda yake. Lakini wanafunzi hao hukua, huoa na kuolewa, wakazaa watoto. Je, sharika zetu ziko tayari kuwapokea wakiwa wazazi?

Kwa hiyo naomba mambo matatu kwa karne ya pili ya usharika huu. Kwanza, kando ya ngazi za kanisa pajengwe mteremko. Pili, siku ya ubatizo mzazi mwenye ulemavu awekewe kiti karibu na kisima cha ubatizo, amshike mtoto wake mwenyewe. Tatu, wazee wa kanisa wanapotutembelea, watuulize sisi wenyewe msaada tunaouhitaji kabla ya kuwauliza jamaa zetu.

Wema huu tuliupata kwa wapita njia. Na tuupate pia nyumbani mwa Bwana.

Mungu aubariki usharika wetu. Amina.