Majilio na Mwalimu wa Shule
Maneno yaliyosemwa kwa walimu huko Tlawi



Majilio ni Dominika nne za kumngojea Bwana. Katika nchi hii ya Mbulu huangukia wakati wa kazi nyingi: mvua za vuli zimeshuka, majembe yako shambani, na shule zafunga mwaka. Mwalimu husahihisha mitihani, akafunga mlango, na watu hudhani ya kuwa kazi yake imekwisha mpaka Januari. Sisi twaona sivyo.

Dominika ya nne husomwa kanisani habari za Mariamu au za Yusufu mchumba wake. Kwa kuwa twazijua, hatushtuki. Lakini fikirini: ni habari za msichana wa kijiji aliyeonekana ana mimba kabla ya kuchukuliwa na mumewe. Yusufu aliweza kumwumbua mbele za watu, naye hakutaka. Na Mariamu alipokwenda nchi ya milima, Elisabeti jamaa yake alimpokea kwa furaha, wakakaa pamoja kama miezi mitatu.

Basi tuitazame nchi yetu ya milima. Wazee wajua kuliko sisi: zamani kwa Wairaqw binti aliyeshika mimba kabla ya ndoa hakuzalia nyumbani kwa baba yake, alitolewa, maana uliogopwa unajisi. (Hatusemi haya kwa kuwadharau, waliogopa kwa ajili ya nyumba zao.) Shule ilipokuja, nayo ilimtoa. Kwa miaka mingi katika Tanzania msichana mwenye mimba alifukuzwa, wala hakurudi shule ya serikali. Tarehe 24 Novemba 2021 serikali ilitangaza ya kwamba aliyekatiza masomo kwa kujifungua aweza kurudi. Siku 4 baadaye yakaanza Majilio ya mwaka ule.

Lakini tangazo halina miguu. Nani atakayepanda mlima kumwambia mama ya kuwa nafasi ya bintiye ipo? Nani atakayekaa na baba mwenye hasira, na kuuliza mtoto mchanga atalelewa na nani saa za masomo? Na msichana akirudi, mwalimu asimfanye mfano wa kuwaonya wenziwe. Amwite kwa jina lake, kama wote.

Wako wanenao, "Tukimpokea, wengine wataiga." Hofu hiyo twaielewa. Lakini hatujapata kuona msichana anayetamani kunyonyesha usiku na kufanya hesabu asubuhi. Na aliyempa mimba mara nyingi hakai mbali, wala haulizwi neno. Pengine, twaona haya kusema, ni mwalimu.

Katika daftari za mahudhurio yamo majina yaliyopigwa mstari. Zifungueni kabla ya Noeli, mwandike majina hayo, mgawane nyumba za kwenda. Njia zina utelezi mwezi huu, mwondoke mapema.